Kulabu ya Aliye Peke Yake

Kitu cha kwanza alichokiona Nyamizi, kabla hajajua hata jina la mwanamke aliyekaa naye dawati moja, ni kwamba mwalimu akifuta ubao haifuti herufi ya mwisho. Alianza kushoto, kwa mkono wa polepole kama mtu anayepangusa meza ya mgeni, akafuta neno baada ya neno, vumbi likimwagikia viatu vyake, na alipofika mwisho kabisa mkono ulisita, ukarudi mfukoni. Ubao ukabaki mweusi, na pembeni kulia ile herufi ya S imejikunja peke yake, kama mdudu anayejifanya amekufa. Ijumaa ya kwanza Nyamizi alisema moyoni, kasahau. Ijumaa ya pili akasema, kachoka. Ijumaa ya tatu hakutafuta tena sababu. Akaanza kuitazama kwa jicho la pembeni, na akaona kama nayo inamtazama.

Hakuwa na mtu wa kumwambia. Na hata angekuwa naye, katika mji ule mtu hakuambiwa jambo hivi hivi.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Wengine walidai ulikuwa nalo zamani, likachukuliwa dirishani kwa sababu halikuwa na tendo la kwenda nalo. Dirisha hilo lilikuwa katikati ya ukuta mrefu mweupe, dogo, lenye wavu, na nyuma ya wavu hapakuwa na uso, palikuwa na sikio. Ukitaka dawa, ukitaka maji, ukitaka kibali cha kuzika, unapanga foleni, unainama, unalisemea sikio kwa Kiingereza. Mtenda na tendo lake wakipatana, unachokitaka kinasukumwa chini ya wavu. Wasipopatana, sikio linalichukua tendo, nawe unarudi nyumbani bila hilo tendo.

Mama yake Nyamizi alikwenda pale na goti lililovimba. Jirani alikuwa amemfundisha sentensi ya kusema goti linauma, lakini jirani mwenyewe alisahau kulabu ya mwisho, ile herufi ya S. Mama akaisema hivyo hivyo. Kisha sauti ya upole ikajibu kwamba goti ni moja na maumivu hayana mwenyewe, basi maumivu yabaki hapa. Mama akarudi anatembea vizuri, majirani wakapiga vigelegele. Lakini tangu siku hiyo goti halikuwa lake. Lilikaa likitaka kukaa. Likitaka kwenda sokoni lilimpeleka sokoni, mama akilifuata kwa aibu, mikono mitupu, akiwasalimia watu kana kwamba alikusudia. Mara moja lilimpigisha magoti mbele ya mtu asiyemjua. Alipoulizwa kama linauma, alilia, akasema afadhali lingeuma.

Ndiyo maana Nyamizi alikwenda kusoma, wala si kwa kupenda. Alikuwa mtu wa kukaa karibu na mlango, mtu wa kusubiri wenzake wote wanawe mikono ndipo anawe yeye, na shule ya msingi aliiacha darasa la tano. Lakini alimwona mama anabembeleza goti lake kama anayembembeleza mkwe, akasema, nitajifunza hiyo kulabu. Nitakwenda dirishani mwenyewe, nitayadai hayo maumivu, watayatoa.

Nyumba ya Mapatano ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima watupu. Kalenda iliyokuwa ukutani ilikuwa na Ijumaa peke yake. Siku nyingine watu walizipitia kama mtu anavyopita uchochoroni, bila kugeuza shingo, wakazindukia tena kwenye madawati. Mwalimu Heneriko alikuwa mwembamba, mwenye sweta la kijivu asilolivua hata jua likiwaka, na sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa. Sheria ya mapatano aliieleza mara moja tu. Mtu mmoja asiyekuwepo, alisema, yule anayesemwa na wengine, tendo lake hufungwa kulabu mwishoni. Wakiwa wengi, tendo lao huachwa tupu; kulabu wanaivaa wao wenyewe kwenye jina lao, na kwa kuwa wamegawana, haina uzito.

Fundi Malimi, mtengeneza baiskeli, mtu wa mabega mapana na maswali mapana, akauliza je, mimi ninayejisema mwenyewe? Mwalimu akatabasamu. Mimi hafungwi, akasema. Na wewe hufungwi, maadamu tunatazamana. Kisha akafungua kitabu awaonyeshe. Nyamizi, aliyekuwa jirani na meza kwa kuwa siku hiyo viti vya mlangoni vilijaa, akaona kwamba ukurasa wa mimi umechanwa. Mabaki yake yalikuwa bado yameng'ang'ania uzi.

Sasa tazama jambo hili lilivyomkaa kichwani. Alikuwa anachambua mchele, analifikiria. Alikuwa anafua, analifikiria. Kwa nini mmoja? Kundi likipiga mtu, kipigo kinaondoka kisafi, hakina alama nyuma yake. Mmoja akipiga, hata kama alichopiga ni ngoma, tendo lake linaning'inizwa kwenye waya. Na kwa nini mmoja asiyekuwepo? Ni watu gani hao walioketi wakatengeneza lugha ambayo alama yake nzito inamsubiri mtu atoke nje, ndipo imfuate? Sisi kwa lugha yetu mtenda anatangulia mbele ya tendo, umemwona kabla hujamaliza kusikia alichofanya, kama mama aliyempakata mtoto. Wao wanamfunga kwa nyuma. Nyuma, mahali ambapo mwenyewe hapaoni mpaka aambiwe na mtu. Na atakayemwambia ni nani, na anataka nini kwa kumwambia?

Labda ni lugha tu, alijijibu. Lugha za watu zina vituko vyake.

Labda.

Lakini herufi mbona haifutwi?

Jambo la Mzee Bundala ndilo lililomzidishia shaka. Mzee Bundala alikuwa mlinzi wa mlango, kazi yake kugonga kipande cha reli kila kipindi kinapokwisha. Ijumaa moja alifumba macho kwenye kigoda chake. Mwalimu akageuka ubaoni, akaandika kwa mwandiko wa mviringo, *The old man sleeps*, kisha akaliambia darasa liitikie.

Kuitikia kwa pamoja ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile, na watu waliipenda. Mwalimu anagonga meza kwa kifimbo, darasa zima linasema kwa mkupuo mmoja, basi, hakuna aliyekosea na hakuna aliyepatia. Ilikuwa raha. Mtu aliyeogopa Kiingereza alijificha ndani ya Kiingereza cha wenzake kama kuku ndani ya kundi. Sentensi ikisemwa na darasa Ijumaa tatu ilikuwa imefungwa. Na anayesemwa alitolewa nje kwanza, maana sheria inataka asiwepo.

Basi walisema Ijumaa ya kwanza, wakasema ya pili, wakasema ya tatu. Mwalimu akatoa kulabu ya waya mfukoni, akaenda kuipachika mgongoni mwa koti la mzee, taratibu, kama anayemtoa kipande cha jani. Mzee Bundala akalala. Mpaka leo amelala, kwenye kigoda kile kile, ndevu zinakua, mkewe anamletea uji anamnywesha hivyo hivyo. Alikuwa amefumba macho siku moja. Sentensi haikusema amefumba macho siku moja. Ilisema mzee hulala, leo hulala, kesho hulala, mzee ni mtu wa kulala, na mzee akaitii. Kulabu ilikuwa imenasa dakika moja ya mtu, ikaivuta mpaka ikafunika uhai wake wote.

Na Nyamizi alikuwa humo darasani. Lakini yeye, alijiambia, hakusema. Tangu utoto wake kwenye mwitikio alikuwa anafungua mdomo tu. Midomo inakwenda, ulimi unakwenda, sauti ameiacha nyumbani. Hakuna mwalimu aliyewahi kumgundua. Aliuona ujanja huo kama kibanda chake kidogo, ana mvua yao na jua lao lakini hayumo. Kwa hiyo Mzee Bundala alilazwa na watu kumi. Yeye wa kumi na mmoja alikuwepo tu.

Wakati mwingine, akiwa kwenye dawati, magoti yake yalikuwa yanagusa ubao wa chini, na akiyatazama anakuta ni magoti ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, yana vumbi la uwanja wa shule. Yuko darasa la tano. Mwalimu wa darasa la tano naye ana sweta la kijivu, au ni sweta lile lile, nani ajuaye. Amemsimamisha mbele, amemwuliza swali, na Nyamizi jibu analo. Analo kabisa, limekaa kooni kama punje ya hindi. Halitoki. Mwalimu hamchapi. Anawageukia wenzake anawaambia semeni kwa pamoja, Nyamizi hajui. Wanasema. Wanasema tena. Na yeye aliyesimama mbele yao, kwa kuogopa kuonekana yuko peke yake, anafungua mdomo anafuatana nao. Nyamizi hajui. Nyamizi hajui. Bila sauti. Kesho yake hakurudi shule. Nyumbani waliambiwa anaumwa tumbo.

Sasa na lisemwe wazi, msomaji asihangaike kulitafuta: katika Nyumba ya Mapatano chaki ilikuwa inaibwa, na mwizi alikuwa Nyamizi. Daftari lake lilijaa zamani. Mkono ulitaka mazoezi. Kila Ijumaa alichukua kipande kimoja pale mezani, akaenda kuchora kulabu nyuma ya mlango wa jikoni, kulabu kwa kulabu, mpaka mlango ukawa kama wavu wa kuvulia. Alikuwa anaandaa sentensi ya goti la mama.

Mara ya kwanza alipochukua, darasa lilikuwa linatoka, na mwalimu akageuka ghafla. Vidole vya Nyamizi vilikuwa bado juu ya meza. Wakati huo huo upindo wa khanga ukapita juu ya mkono wake, khanga ya zambarau yenye maua ya korosho, na mwenye khanga akasimama katikati, anamwuliza mwalimu swali refu lisilokuwa na kichwa kuhusu mvua. Alikuwa Kashinje, jirani yake wa dawati, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpika vitumbua, mwenye kicheko cha kuangusha vyombo. Nyamizi alitoka nje na chaki kiganjani. Akajiuliza usiku kucha na siku zilizofuata: aliona? Kama aliona, mbona hasemi? Mtu anayekuona unaiba akakaa kimya ameweka kitu akiba. Siku atakayokihitaji atakuja kukichukua.

Kashinje hakuja kuchukua kitu. Kila Ijumaa alisogea kwenye dawati kumpa nafasi, akamwita bubu wangu, akamletea kitumbua kimefungwa kwenye karatasi. Nyamizi alikipeleka nyumbani, akakitazama pande zote kabla hajakila.

Halafu mwalimu akahesabu chaki. Hakumwuliza mtu. Alipita kati ya madawati, mikono nyuma, akitazama nguo za watu, akasimama mbele ya khanga ya zambarau. Kwenye upindo palikuwa na vumbi jeupe. Lilikuwa vumbi la siku ile ya kwanza, Kashinje alilifua lisitoke, maana katika nyumba ile chaki ikishika nguo imeshika. Mwalimu akamwomba atoke nje kidogo. Alisema hivyo hivyo, kidogo. Akaandika ubaoni, *Kashinje steals*, Kashinje huiba, akagonga kifimbo.

Nyamizi akafungua mdomo.

Ijumaa hiyo ikapita. Mjini watu hawakungoja ya tatu. Kashinje akipita, wenye vibanda walisogeza vijiko ndani. Mteja wake wa miaka alikishika kitumbua akakirudisha kwenye sinia, akauliza kwa sauti ya utani ule usiokuwa wa utani unga huu ulikuwa wa nani. Ijumaa ya pili ikafika, akatolewa nje tena, darasa likaitikia tena. Waliporudi majumbani Fundi Malimi alimwambia kila aliyemwuliza kwamba yeye hana ubaya na dada yule, ni sentensi tu, mazoezi.

Katika zile siku zisizokuwa kwenye kalenda, Nyamizi alikwenda kwa Kashinje. Alisimama mbali na jiko, karibu na ukuta. Kashinje alikuwa anageuza vitumbua ambavyo hakuna wa kuvinunua, na binti yake Holo, wa miaka mitatu, amekaa juu ya gunia anakohoa kikohozi kile kikavu ambacho kwa ajili yake mama yake alikuwa amejiandikisha kusoma.

"Kaa, mdogo wangu," Kashinje alisema. "Ukisimama hivyo majirani watadhani umeniletea taarifa ya msiba."

Nyamizi akakaa. Kashinje akaongea kama kawaida yake, kwa mikono na kijiti cha kugeuzia. Alisema mwalimu amekonda kwa sababu anakula chaki mwenyewe, angepimwa tumbo lingeonekana jeupe. Alisema ameshaanza kuzoea, jana amechota maji kisimani na ndoo yake akajikuta anaangalia nyuma kama mwizi kweli, akacheka mpaka maji yakamwagika. Kisha akakiweka kijiti chini. Alimtazama Holo, akasema jambo lililokuwa chini ya utani wote ule.

"Ijumaa ikipita, kila nitakachokigusa nitakuwa nimekiiba. Nikimnyanyua huyu, nitakuwa nimemwiba. Sasa atalia, mimi nitamrudisha kwa nani?"

Nyamizi akatazama mikono yake. Swali lilikuwa pale pale kooni: mbona hunitaji? Halikutoka, lakini Kashinje alikuwa mtu wa kujibu hata yasiyoulizwa. Alisema, bila kumtazama, kwamba mtu akitajwa mle ndani anatolewa nje, na akitolewa nje hana wa kumsemea, na kuna watu wakisimamishwa hata jina lao hawawezi kulitamka. Yeye Kashinje, aliongeza, angalau atawatukana mpaka waya ukatike. Akafunga vitumbua vitatu kwenye karatasi akampa.

Nyamizi akaondoka na vitumbua, na njiani shaka ikamkaba upya. Maneno mazuri mno. Nani anakubali kuitwa mwizi kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi hata kumwitikia salamu kwa sauti? Hakuna. Kwa hiyo lipo jambo. Atanitaja dakika ya mwisho, mbele ya wote, ili nidondoke kutoka juu. Au hatanitaja, na nitakuwa wake maisha yangu yote, nitakuwa tendo lake, atanivuta kwa nyuma nisikokuona. Akakitupa kitumbua cha kwanza. Akakitupa cha pili. Cha tatu alikuwa na njaa, akakila, na kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe akautilia shaka.

Lakini yale maneno ya Kashinje kuhusu mtoto yalimfuata nyumbani. Nitamrudisha kwa nani. Alifunga mlango wa jikoni, zile kulabu zake zote zikamgeukia, mia na kitu, nyeupe, kila moja inangoja mtu mmoja asiyekuwepo. Mama alipita barazani nyuma ya goti lake. Nyamizi akafanya uamuzi mdogo, wa saizi yake. Ijumaa hatafungua mdomo. Hatasema kitu, lakini pia hatafungua mdomo. Alilala akiona amefanya jambo kubwa.

Ijumaa ya tatu ikafika jua likiwa utosini, paa la bati linalia. Kashinje alivuliwa khanga ikawekwa mezani, akatolewa nje, akasimama upande wa pili wa mlango na Holo kando yake. Alisikika akimwambia mtoto asichezee kigoda cha babu, babu amelala. Mwalimu Heneriko akaiweka kulabu ya waya juu ya khanga. Akainua kifimbo, akagonga.

Vinywa vikafunguka. Cha Nyamizi hakikufunguka. Na kwa kuwa safari hii hakuwa na kazi ya kuchezesha midomo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasikiliza.

Sauti ilikuwa moja.

Alimtazama Fundi Malimi. Shingo ya Malimi ilikuwa imetuna, mishipa imesimama, mdomo umepanuka mpaka jino la mwisho linaonekana, na hakuna kilichotoka humo. Alimtazama mama wa dawati la mbele. Midomo inakwenda, ulimi unakwenda. Wote. Vinywa tisa vilikuwa vinafunguka na kufumba kama vya samaki waliomwagwa kwenye karai, kila mmoja amejificha ndani ya mwenzake, na sentensi nzima, *Kashinje steals*, tangu mwanzo mpaka kulabu yake, ilikuwa inatoka kwenye sweta la kijivu peke yake.

Ndiyo hivyo basi. Mzee Bundala hakulazwa na kumi. Hakulazwa na kumi na mmoja. Alilazwa na mmoja, aliyejifunika wengi asionekane mgongo. Na wengi walimpa vinywa, yeye akiwemo, bure. Na mji mzima uliogopa sauti ya mji mzima, ambayo haikuwahi kuwepo. Nani alikuwa wa kwanza kunyamaza? Na darasa la tano je? Watoto arobaini na wawili waliosema hajui. Walisema? Au walikuwa wanamtazama yeye aliyesimama mbele, mdomo wake unakwenda, wakadhani ndiye anayesema?

Mwalimu alikuwa ameshika kifimbo hewani. Hakuwa na hasira. Alipitisha ncha ya kifimbo juu ya vichwa, taratibu, kimoja kimoja, midomo yake ikihesabu, ikamfikia Nyamizi ikasimama. Alisema vinywa ni tisa, na sheria inataka kumi. Alisema waanze upya. Wakaanza upya, na kifimbo kikasimama pale pale. Kwa hiyo alikuwa anahesabu vinywa. Siku zote alikuwa anahesabu vinywa, na kile kibanda cha Nyamizi cha kujificha, na usafi wake wote aliojipa kwa Mzee Bundala, ulikuwa umehesabiwa sawasawa na wa wengine, kinywa kizima, bila kupunguzwa kitu.

Ijumaa ikasimama. Jasho likawatiririka watu kwenye nyusi. Fundi Malimi akainama kuelekea dawati lake, akanong'ona kwa huruma kabisa.

"Fungua tu mdomo, binti, kama siku zote, twende zetu nyumbani. Hakuna atakayekusikia."

Ukweli wa maneno yale ndio uliomwinua. Angeweza kukaa na mdomo wake umefungwa mpaka jua lizame, na nje ya mlango hakuna ambaye angejua kama mtu amekataa au amesinzia. Kunyamaza kulikuwa hakusikiki. Wangemleta mtu mwingine wa kumi kutoka barabarani, akafungua kinywa, na Kashinje angebaki amesimama pale nje, mikono imening'inia pembeni, anaogopa kumgusa mwanawe.

Nyamizi akasimama. Dawati likalia. Magoti yake yalikuwa ya mtoto, kisha yakawa yake, kisha ya mtoto tena. Mwalimu Heneriko akamwambia kwa upole akae. Alipoona hakai, akamwambia kama ana neno alilete kwa Kiingereza, mtenda na tendo lake vikipatana, na kama hawezi, darasa litamsaidia. Akainua kifimbo kwa ajili ya kumsaidia. Vinywa tisa vikaachama, vinangoja.

Alifungua chake. Kwanza ikatoka pumzi tupu, na wote wakadhani ni yale yale. Kisha ikatoka sauti, nene kuliko alivyotazamia, ina kutu, sauti ya mtu mzima ambaye amekuwa humo ndani siku zote bila kuitwa. Hakuelekea ubaoni. Aligeukia mlango uliofungwa, akasema kwa nguvu ili aliyeko nje asikie.

"Chaki nilichukua mimi. Vipande tisa. Dada Kashinje aliniona siku ya kwanza, akanisitiri kwa khanga yake, vumbi likamshika yeye. Na tangu siku hiyo, ninyi wote mlivyo, sijamwogopa mtu kama nilivyomwogopa yeye."